Pipa la Vijidudu Uani Kwangu

Jumatatu, 5 Januari
Kisima changu kimefungwa! Bwana afya kakipiga rangi nyekundu. Eti maji yana nitreti, imevuja toka vyooni, ni sumu kwa watoto wachanga. Kisima alichochimba marehemu mume wangu kwa mikono yake! Mtaa mzima wa Dunda umekunywa humo, hajafa mtu. Waliokufa walikufa kwa mambo yao. Sasa mkwe wangu Hafidha anachota bombani kwa jirani, Mwanahija. Aibu gani hii!

Jumatano, 7 Januari
Kaja Sabiha, binti wa chuo, na pipa. Kaamkia vizuri, nikampa kiti. Maji ya choo na bafu yatapita humo. Ndani mna vijiti vya kaboni, nyaya, na umeme kidogo wa sola. Vijidudu wataota vijitini, watapata nguvu kwa umeme, waigeuze nitreti iwe hewa tu. Nikamwambia, mwanangu, miaka sabini nafukuza vijidudu, leo wewe waniletea kwa hodi! Akacheka. Baada ya wiki tatu watapima. Maji yakitoka safi, litajengwa tangi kubwa, na kisima changu kitafikiriwa kufunguliwa. Sharti: nisiguse pipa. Uani kwangu!

Jumanne, 20 Januari
Sabiha kapima ya majaribio, nitreti imeshuka nusu! Nimemtangazia Mwanahija juu ya ukuta. Kajibu, shoga, wenzio wafuga kuku, wewe wafuga choo. Hasidi.

Jumatatu, 26 Januari
Kesho wanakuja wakubwa wa wilaya. Nimefunua pipa. Astaghfirullah! Vijiti vina utelezi wa kahawia kama mgongo wa kambale. Mgeni aone uchafu ule kwangu? Nimevitoa, nimevisugua kwa majivu na kumbi la nazi, nikavisuuza kwa maji ya moto, nikavianika pamoja na masufuria. Vinang'aa! Pipa nimelifukiza udi. Hafidha kanikumbusha nilikatazwa. Nikamwambia mwanamke safi haombi ruhusa.

Jumanne, 27 Januari
Maji yameingia na nitreti, yametoka na nitreti. Yote! Sabiha kachungulia, kanusa udi, kaniuliza taratibu, bibi, ule utelezi uko wapi? Nikamjibu kwa fahari, nimeutoa wote, hata chembe huioni. Akakaa chini. Kumbe ule utelezi ndio vijidudu wenyewe. Nimewaua wafanyakazi wote usiku wa kuamkia ukaguzi. Bwana afya kasema kisima kibaki kimefungwa. Mwanahija alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Sikulia. Lilikuwa jasho.

Jumatano, 28 Januari
Sabiha kaniombea wiki tatu nyingine. Kaleta vijidudu wapya kwenye chupa, kawamimina pipani, kaniapisha nisisugue. Nimeapa, na kiapo changu ni kiapo. Cha kutosugua tu, basi.
Ila nimewatazama, wanyonge kweli. Wametoka Dar, na humo ndani hawapewi kitu ila umeme! Mgeni gani atafanya kazi na njaa? Sabiha alipoondoka tu, nikawamiminia sufuria ya pilau, karafuu nilizidisha kwa heshima yao. Pilipili nimewawekea pembeni. Si wote wanaiweza.