Treni ya Kibumba Yafika Salama

Ifahamike kwa raia wote wa Goma na viunga vyake kwamba treni ya abiria ya serikali iendayo Kibumba imepewa jina la nne, na kwa sababu hiyo inakwenda kasi kuliko zamani. Ilizaliwa ikiitwa Rapide ya Milima, rangi ya kijani. Ikawa Umoja, rangi ya buluu. Kisha Fahari, nyekundu, mpaka mkubwa mmoja akasema nyekundu inawakumbusha watu volkano. Sasa ni Mwendo Mpya, rangi ya dhahabu. Reli zenyewe bado zinafanyiwa utafiti.

Mkuu wa kituo, Théoneste Habineza, alikuwa amekwisha kuvaa sare za rangi zote hizo, na kila moja aliivaa kwa imani. Alikuwa na filimbi, kofia, na behewa moja lililoletwa kwa lori na kuwekwa juu ya mawe ya lava. Alikuwa pia na tatizo. Mkurugenzi mkuu wa shirika la reli, ambaye kila mtu alimwita DG, anakuja kuzindua jina jipya, na ameagiza wauza mboga wote waondoke kituoni, Gare ya Goma, kwa kuwa kabichi zinachafua sura ya shirika. Wauza mboga wote ni Mama Mukabalisa, na Mama Mukabalisa ni mama mkwe wake Théoneste.

Mwanamume wa kwao hamwambii mama mkwe "toka". Hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Basi Théoneste alimpa mgongo, akaongea na behewa.

"DG anasema hapa Gare ya Goma hakuna kuuzisha tena."

"We wagon," Mama Mukabalisa naye akaliambia behewa, "Fabiola alikulaka nini mupaka akakuwa bibi ya mutu? Si hii mashu?"

Akajitwika mashu, yaani kabichi zake, akavuka barabara, akaketi huko. Théoneste alijua kwamba jioni mkewe Fabiola hatamfungulia mlango. Ilimuuma sana, lakini aliendelea kung'arisha filimbi.

DG akaja, tumbo mbele, walinzi nyuma, akahutubia.

"Mwendo Mpya ni discipline. Filimbi ikisha kulia, mulango haifunguliwe mupaka Kibumba. Hata kama ni mimi njo niko ndani."

Makofi. DG akapanda peke yake ili apigwe picha dirishani. Théoneste akafunga mlango kwa ufunguo, akapuliza filimbi. Picha ikapigwa. DG akagonga kioo.

"Fungula. Photo imeisha."

"Excellence, bado hatuyafika Kibumba."

"Habineza, treni haiko inatembea."

"Iko na retard, Excellence, imechelewa tu."

Jua likapanda, bati likapata moto. Tai ya DG ikalegea, kisha vifungo. Walinzi walijadiliana, lakini hakuna aliyetaka kuvunja mali ya serikali siku ya uzinduzi. DG akatishia kumfukuza Théoneste kazi. Théoneste aliogopa kufukuzwa, ila kuvunja amri ya DG mbele ya DG aliogopa zaidi. Akajiuliza shirika hufanya nini likikwama. Jibu alikuwa amelivaa mwilini: sare ya jina la nne.

"Excellence, tubadilishe jina ya gare?"

"Badilisha," DG alisema kwa sauti iliyokauka. "Mbio."

Akaitwa mpaka rangi, mfanyakazi mwenye shughuli nyingi kuliko wote katika shirika. Ubao wa GARE YA GOMA ukafutwa, ukaandikwa GARE YA KIBUMBA. Théoneste akapuliza filimbi, akafungua.

"Kibumba. Abiria washuke."

DG akashuka, shati limemgandia mgongoni. Mbele ya mlango alikuta kabichi zimetandikwa, na Mama Mukabalisa amerudi, ameketi nyuma yazo.

"Huyu mama si nilisema atoke?"

"Mulinifukuza Goma, papa. Hapa ni Kibumba, kwetu."

DG akageuka kutafuta gari lake.

"Voiture mulibakisha Goma, Excellence," Théoneste alisema, mkono kwenye kofia. "Treni ya kurudi tutatangaza."

Mama Mukabalisa akageuza kikapu kitupu, akakisogeza karibu na mkubwa.

"Ikala hapa, papa, ungoje. Chunga tu usikanyange mashu."