Wateja wa Mfereji

Jumatatu, 3 Februari
Nimerudi kutoka semina ya siku mbili mjini, kule Themi. Sambusa mbili kwa kila mtu. Nilikula nne. Mwezeshaji alisema serikali ya kisasa haishiki jembe. Inampa kazi mtu binafsi, soko linamaliza mengine. Nilisisimka! Mimi ni katibu wa mfereji wetu wa kumwagilia hapa Olmotonyi, na mpaka leo tunauzibua wenyewe kila Jumamosi, kila kaya mtu mmoja na jembe lake. Ushamba mtupu.

Jumatano, 5 Februari
Kikao. Nimewatangazia kwamba kuanzia leo wao si wanakijiji tena, ni wateja. Wamefurahi kupita kiasi. Zabuni ya kuzibua mfereji ameshinda Hans, kaka wa mke wangu, anayeishi Lemara. Mwombaji alikuwa mmoja, lakini alijitahidi. Mzee Sakaya, mkuu wa mfereji, akauliza kama huyo kijana amewahi kulima. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ana muhuri wa kampuni. Nashipae, mke wangu, aliguna. Anamjua kaka yake.

Jumamosi, 8 Februari
Hans hajatokea. Wateja wametokea wote, mikono mitupu. Wamekaa kingoni wananionyesha matope kwa kidole. Mama Pudensiana, ambaye kwa kawaida huzibua kuliko wanaume watatu, alitaka kujua ofisi ya malalamiko iko wapi. Nikasema ni mimi. Akalalamika saa nzima.

Jumanne, 11 Februari
Hans bado hajaonekana, na maji hayapiti. Kabichi za Nashipae, tegemeo letu hadi masika, zimelala chini. Amesema zikifa nitakula cheti cha semina. Nimeogopa kweli. Nikawasihi majirani walete majembe. Wakanijibu kwa upole kwamba mteja hafanyi kazi ya mkandarasi.

Jumamosi, 15 Februari
Mzee Sakaya amepita nyumba kwa nyumba, jembe begani. Watu wakamfuata. Kufikia saa nne maji yalikuwa yanapita. Nusu ya kabichi imepona, nusu iliyokauka tumempa ng'ombe.

Nimevuliwa ukatibu. Nimepewa na kipande cha mfereji, mita thelathini, nizibue peke yangu. Viganja malengelenge matupu. Nimetafakari sana nilipokosea, nikapata: hapakuwa na ushindani! Jioni nikamshauri Nashipae achukue jembe lake, Jumatatu tushindane. Akanikabidhi na lake, akaingia ndani.

Kwa hiyo majembe yote mawili ninayo mimi. Soko zima nimelishika.