Gorofa ya Mbao Kabla ya Kibao

Jumatatu, 15 Novemba 1999
Ujenzi wa gorofa yangu umesimamishwa! Bwana Owino, inspekta wa majengo wa baraza la mji, ati mjini ukuta ni wa mawe au matofali. Mbao ni za choo na zizi. Ng'ambo ya kibao cha baraza cha mpaka wa mji, hatua mia tu kutoka kwangu, mbao ni ruksa. Nani alimwita? Jirani yangu Onyancha huuza mawe ya kujengea. Leo kanisalimia mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Jumatano, 17 Novemba
Wakwe watarajiwa wanakuja kutoka Silibwet tarehe 27 kwa koito ya binti yetu Chelimo, tuafikiane mahari. Mwezi jana niliwaandikia: gorofa ya mwisho kabla ya kibao, hamwezi kupotea. Nitawapokea wapi sasa, jikoni? Mke wangu Rebeccah anasema nyumba ya zamani inatosha. Hata yeye namchunga.

Ijumaa, 19 Novemba
Kaplong, kwa mwenye mashine ya mbao. Saipresi hakuna! Serikali imezuia kukata miti ya msituni. Lakini nyuma yake niliona rundo chini ya turubai. Akasema ni la kanisa. Kanisa gani? Akalivuta turubai hadi chini. Nimenunua mikaratusi kwa mtu anayepeleka kuni kiwanda cha chai. Mbichi, ilitoa maji ilipopigwa msumari. Fundi anataka tungoje miezi ikauke. Anatafuta kazi ya kudumu huyo.

Jumapili, 21 Novemba
Jino limenizuia kwenda kanisani. Waumini wakiimba, nimeng'oa kibao na kukisimika kati ya kwangu na kwa Onyancha. Sasa mimi ni mtu wa ng'ambo! Rebeccah karudi, kaniuliza ni jino gani hilo linalotia matope magotini.

Jumanne, 23 Novemba
Owino kaja. Kakitazama kibao, kajikuna kichwa, kasema kama ni hivyo basi hapa si kwake. Kaondoka! Fundi anapigilia usiku na mchana. Onyancha anacheka peke yake kwenye mawe yake. Sijui anacheka nini.

Alhamisi, 25 Novemba
Mbao zinajikunja. Mlango wa juu haufungi, wa chini haufunguki. Ngazi imegeuka kutazama mashamba ya majani chai. Kuna mtu anakuja kuzipinda! Rebeccah anasema ni jua. Jua halijawahi kunichukia.

Jumamosi, 27 Novemba
Saa nne, hakuna mgeni. Saa sita, hakuna. Saa nane Chelimo kaja mbio huku analia. Wageni wako kwa Onyancha tangu asubuhi! Barua yangu wanayo mkononi: gorofa ya mwisho kabla ya kibao. Ya Onyancha ni ya mawe, lakini ni gorofa, na kibao kiko mbele yake. Amewapa chai na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu. Mkisii, mursik kaitoa wapi? Rebeccah kaangalia kando.

Nimewaleta kwangu kwa nguvu. Mzee wao kapanda ngazi hatua tatu, kashuka. Wote wakarudi kwa Onyancha. Nilipofika, ndugu zangu waliokuja kwa koito walikuwa wameshaafikiana nao ng'ombe. Binti yangu wa pekee, nami nimekaa karibu na mlango kama mpita njia. Imeniuma sana. Chelimo kaniletea chai mwenyewe, kanishika bega. Nimeinywa yote.

Jumatano, 1 Disemba
Nimegundua kosa. Onyancha alijenga gorofa makusudi, miaka sita iliyopita.

Safari hii sipatikani. Asubuhi nimewaandikia wageni wote wa harusi ya Aprili: jengo la kwanza baada ya kibao, hamwezi kupotea. Chelimo kazipeleka barua posta.

Jioni Owino kapita. Mji umepitisha sheria mpya, mbao ruksa! Ng'ambo ndiko sasa wanadai kibali cha msitu kwa kila ubao. Wananiandama, hilo liko wazi. Lakini dawa ninayo. Kibao kitarudi pale pale kilipokuwa, baada ya nyumba yangu, karibu na josho la ng'ombe. Huko mbele hakuna jengo jingine ila banda la josho, kwa hiyo hakuna wa kuniibia wageni.

Nimemwambia Rebeccah mapema kwamba Jumapili jino litauma.