Mkwe Kaja Kuona Mifugo

Jamani, leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza kwenye tope mbele ya watu, hiyo ningeizoea. Hii ni aibu ya ukweni. Nawaeleza mwenyewe, nyinyi mlioko Dar na Morogoro, kabla hamjaletewa habari na watu wa mtaani kwangu Magomeni, maana hapa Kilosa habari yako inafika sokoni wewe hujavaa hata viatu.

Mnanijua. Mimi ni yule yule Rajabu, fundi cherehani wa barazani. Mpole, sinywi, sigombani na mtu. Nina kasoro moja tu. Nafuga mende.

(Acheni kucheka, hatujafika huko bado.)

Wenzangu wanafuga njiwa, mimi nina mende. Ilianza na jike mmoja niliyemkuta kwenye droo ya cherehani, kabeba mfuko wake wa mayai kwa nyuma, kachoka, nikashindwa kumpiga kandambili. Nikamwekea makombo ya mkate. Wakaanguliwa watoto wadogo kama ufuta, nikajiambia nitawaangalia wiki moja tu. Leo wamejaa sanduku zima la chai, lile la mbao. Ndani nimewapangia vipande vya boksi wajifiche. Juu nimefunika kwa shashi na kuikaza kwa lastiki ya sketi. Na ukingo wa ndani naupaka mafuta ya mgando, maana mende hapiti penye mafuta, anateleza na kurudi chini. Mnasema ni mdudu mchafu. Hamjawahi kukaa naye. Mende anajisafisha ndevu kutwa kucha, bwana harusi haoni ndani!

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuwaona asipige kelele. Zuhura. Wakati ule alikuwa anakaa hapa Kilosa kwa dada yake, akaja kushonesha gauni. Akasikia mchakacho chumbani, akauliza, nikamwonyesha. Nikangoja akimbie. Hakukimbia. Alimega kipande cha ugali, akamtupia mmoja, akasema, "Huyu ana njaa, fundi." Hapo hapo nikajua nimepata mke. Aliporudi kwao Mikumi, nikamtuma Mjomba Shabani, kaka yake mama, akanipelekee posa.

Jibu likaja upesi mno. Mzee Kibwana, baba yake Zuhura, amekubali mazungumzo, tena atakuja mwenyewe na dada yake kuniona ninavyoishi. Nilifurahi, nikashangaa pia. Fundi wa barazani mimi, nyumba yenyewe chumba na ukumbi, sina kitu cha kumfanya mzee afunge safari kutoka Mikumi.

Leo asubuhi, wageni wakiwa tayari njiani, ndipo nilipomwuliza Mjomba.

"Mjomba, kule ulisema nini hasa?"

"Nilisema kijana anafuga."

"Anafuga nini?"

"Hawakuuliza."

Mnajua kwa nini hawakuuliza. Siku hizi hakuna anayeuliza. Tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa, mwenye mbuzi wengi hasemi. Akisema asubuhi, mchana anaitwa kabaila, jioni mbuzi wanaswagwa kwenda zizi la kijiji. Kwa hiyo mzee akisikia kijana wa mjini "anafuga", halafu mshenga akanyamaza, anaelewa anavyoelewa. Mwenye siri ni mwenye mali. Na Zuhura wangu, masikini, akidhani baba yake keshaambiwa yote, akaongeza kwa adabu, "Tena wanazaana sana, baba."

"Tuwaambie ukweli kabla hawajakaa," nikasema.

"Wewe funga mdomo wako," Mjomba akasema. "Toka lini mwoaji akasema mbele ya wakwe? Mdomo ni wa mshenga. Na mshenga hajasema uongo hata neno moja. Hufugi?"

"Nafuga."

"Hawazaani?"

"Wanazaana."

"Basi."

Nikaenda chumbani angalau niwapake mafuta ukingoni, nipunguze hatari moja. Kopo tupu! Jeupe, limekombwa mpaka kwenye kona. Nikatoka nalo mkononi, nikamkuta Mjomba amenyoosha miguu juani, visigino vinang'aa.

"Ulitaka mshenga wako aingie kwa watu na magaga?" akaniuliza.

Nikataka kwenda dukani, lakini tayari nje mtu anapiga hodi.

Mzee Kibwana ni mrefu, kanzu nyeupe pee, kofia imekaa sawa. Shangazi Mwajuma, dada yake, ni mama mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nikawaamkia, shikamoo baba, shikamoo shangazi, wakaitikia marahaba, nikajiweka pembeni ya mkeka karibu na mlango. Nikaanza kazi ya mwoaji, yaani kutazama vidole vyangu vya miguu.

Chai ikaja. Sukari mnaijua ilivyo siku hizi, huipati bila kibali cha balozi. Nilibakiwa na kijiko kimoja cha kutia chai, nikakikoroga kwenye birika zima na kumwomba Mungu akisambaze. Mzee akaonja, akakunja uso, akaukunjua kwa heshima.

"Chai ya mjini," akasema.

Kisha akachungulia dirishani. Nyumba ya pili anakaa Ndugu Chande, balozi wetu wa nyumba kumi, na muda ule alikuwa kibarazani kwake anasikiliza redio. Mzee akamsogelea Mjomba, sauti akaishusha.

"Na wale... wapo?"

"Wapo," akasema Mjomba.

"Wako mbali?"

"Hapana. Humu humu ndani."

"Ndani ya nyumba!" Mzee akampiga Mjomba paja kwa furaha. "Huyu kijana ana akili. Mimi wangu niliwaficha bondeni, wakaniumbua kwa kulia."

"Wa huyu hawalii."

"Hawalii kabisa?"

"Kimya. Hata balozi hana habari."

"Ehee! Wangapi?"

"Mzee mwenzangu," Mjomba akasema kwa huzuni kubwa, "mifugo inahesabiwa mbele za watu?"

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mfugaji wa kweli hataji idadi, anaogopa jicho la husuda. Nilimwona kwa pembe ya jicho ananitazama kwa upendo kabisa. (Hamjui inavyouma kupendwa kwa sababu ya mbuzi usio nao.)

Shangazi Mwajuma ndiye aliyekuwa hajatulia. Akanusa mara ya kwanza. Akanusa tena.

"Hii harufu si ya mbuzi."

"Ni wa aina nyingine," akasema Mjomba.

"Wa kizungu?"

"Wako dunia nzima, dada."

Nikakohoa. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Lakini mdomo ulikuwa wa mshenga, na mshenga alikuwa anajimiminia chai ya pili.

Mzee akaweka kikombe chini. "Basi niwaone kidogo tu, roho itulie, tuzungumze mengine."

Mjomba alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Wamelala," akasema.

"Nitawaona wakiwa wamelala."

Akasimama. Jamani, nani anamzuia mkwe? Nikisimama mbele yake, nimemkosea adabu. Nikimshika kanzu, nimejifukuza mwenyewe. Akapita mbele yangu, akaingia chumbani kwangu, nami nyuma yake nimeinamisha kichwa. Mle ndani giza, maana dirisha silifungui, wanyama wangu hawapendi mwanga.

"Wako wapi?" akanong'ona.

Kabla sijajibu, wakamjibu wenyewe. Mchakacho ukatoka sandukuni.

"Aaa! Vifaranga!" Sauti ikashuka kidogo, lakini haikukata tamaa. Kuku naye ni mfugo. Akang'oa lastiki kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauzamisha sandukuni hadi kwenye kiwiko, taratibu, kwa huruma, namna mtu anavyomwokota kifaranga.

Akapapasa mmoja, akapapasa na wa pili.

"Mbona hawana manyoya?" akauliza mkwe wangu.

Halafu akapiga ukelele ambao naamini treni imeusikia stesheni. Akautoa mkono, na mende wakautumia kama ngazi. Mkono wa kanzu ni mpana, mnaujua. Wengine wakapandia ukingoni, ukingo mkavu hauna hata tone la mafuta, mafuta yote yako visiginoni mwa Mjomba! Wakamwagika sakafuni, wakapanda ukuta, mmoja akaruka na kutua kwenye kofia. Mzee akatoka mbio, akapita ukumbini, akaangusha birika, akafika uani anarukaruka.

Nami nikatoka nyuma yake. Naapa nilikusudia kusema, "Pole, baba." Nilikuwa nimelitayarisha kabisa. Kilichonitoka, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, ni hiki:

"Baba, usikanyage! Huyo ana mayai!"

Akasimama na mguu mmoja juu. Akanitazama. Katika mazungumzo yote ya posa, hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia mkwe wangu baada ya shikamoo.

Kisha wale wa ndani ya kanzu wakafika mbavuni, na mzee wa watu akaivua. Akaivua uani kwangu, mchana, akabaki na kaptura, mtu ambaye kwa heshima hata akila sipaswi kumkodolea macho! Nikageukia ukuta. Nikaukaza uso kwenye udongo kabisa. Huku nyuma nasikia kanzu inakung'utwa, na kila inapopigwa moyo wangu unahesabu waliokufa. (Ndiyo, hata wakati ule. Nimeshasema nina kasoro.)

"Kuna moto?" Balozi Chande keshafika, na nusu ya majirani nyuma yake.

"Hakuna, ndugu balozi," akasema Mjomba. "Wageni tu."

Wakati huo Shangazi Mwajuma alikuwa ameingia chumbani kwangu peke yake. Hakupiga kelele. Akatoka ameshika kisahani mkononi.

"Kaka, hebu tazama hiki. Kilikuwa sandukuni mwao."

Mzee akachovya kidole, akaonja. Nikajua nimekwisha. Mende wakiwa wanajivua ngozi huwa wananitia huruma, wanatoka weupe na laini, nikiwaona nawatilia sukari kidogo wapate nguvu.

"Sukari," akasema Mzee Kibwana polepole. Alisahau kuwa hajavaa. "Mimi mkwe nimekunywa chai chungu, na mende wanalamba sukari?"

"Na ni sukari ya kibali changu!" Balozi akaruka. "Uliniambia ni ya wageni! Rajabu, mimi nimekusimamisha mkutanoni, nikasema igeni usafi wa nyumba hii!"

Watu wakacheka. Mama mmoja alilazimika kumshika mwenzake ili asianguke. Mjomba akajaribu kutetea kazi yake, akasema hakuna aliyedanganywa hapa, neno ni kufuga na kufuga kumeonekana. Mzee akavaa kanzu, nje imekuwa ndani, akachukua fimbo yake.

"Binti yangu simwozi mchunga mende," akasema, na safari hii alinitazama mimi, si mshenga.

Wakaondoka. Mjomba akawasindikiza stendi, kwa sababu hata posa ikifa lazima maiti isindikizwe. Mimi mwoaji siruhusiwi kukimbilia wakwe barabarani, nikabaki napiga magoti nikiwaokota mmoja mmoja kwa kipande cha boksi. Nikalia. Nasema kweli, nililia, na si kwa ajili ya mende. Nilikuwa namwona Zuhura anangoja habari, halafu anaipata kwa baba aliyevaa kanzu nje ndani. Majirani walitawanyika. Balozi alibaki kasimama mlangoni, mikono mgongoni, bado kanuna.

"Yule pale," akasema mwishowe. "Chini ya cherehani."

Jua linakaribia kuzama ndipo Mjomba akarudi. Akakaa, akaomba maji, akanywa yote. Nilijua ananitesa makusudi.

Kumbe njia nzima mzee alikuwa anafoka, na Shangazi Mwajuma anacheka. Alicheka mpaka akakalia kikapu chake pale stendi. Alipopata pumzi akamwambia kaka yake, "Mimi uliniozesha kwa mwenye mbuzi bondeni na mlimani. Hajawahi kunikorogea hata kijiko kimoja cha sukari, hata nilipokuwa kwenye uzazi. Huyu kajinyima mwenyewe, kawapa mende wanaojivua ngozi. Sasa niambie, Zuhura atakosa nini kwake?"

"Mzee akasemaje?" nikauliza.

"Hakusema."

"Hakusema kabisa?"

"Alinyamaza mpaka basi likawashwa. Likaanza kutembea. Ndipo akatoa kichwa dirishani akaniita."

"Akasema nini, Mjomba?"

"Akasema, mwambie atafute mbuzi, nitakuja tena. Mmoja tu, atatosha. Lakini amfunge nje, mchana, nimwone miguu yote minne kabla sijakaa."

Basi nimewaeleza yote, sijaficha kitu. Natafuta mbuzi, awe dume, awe jike, hata mwenye chongo. Na nyinyi mnaocheka huko mliko, sawa, chekeni, ila atakayecheka kwa sauti ndiye atakayenichangia mbuzi.