Obonyo na Maziwa ya Maabara

Kisumu nzima hakuna mtu wa haraka kama Obonyo, na kama ulikuwa hujui, angekuambia mwenyewe. Pale maabara yao ya malaria, kusaka protini za vimelea kwenye damu kwa kingamwili ni kazi ya siku mbili. Yeye akatangaza ataimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Alikuwa na sababu. Daktari Seline, mkubwa wao, alitaka msimamizi mpya wa maabara, na waliobaki ni wawili: Obonyo na Lorine, dada mpole anayesoma maagizo hata ya kufungua chupa ya maji. Kule Dunga, wauza samaki walikuwa tayari wanamwita Obonyo msimamizi. Yeye ndiye aliyewafundisha kumwita hivyo.

Hatua nyingine akazipitisha mbio; kilichobaki kula muda, akaona, ni maziwa. Protini zikishahamia kwenye karatasi nyeupe, karatasi yenyewe huogeshwa maziwa ya unga saa nzima, ndipo imwagiwe kingamwili. Lorine akamkumbusha kwamba maziwa huziba sehemu zilizo wazi, kingamwili isije ikanata ovyo ovyo na kuitia karatasi weusi kila mahali. Obonyo akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Sikia, Lorine. Maziwa ni ya chai."

Na kweli, akaubeba mkebe mzima jikoni, akapika birika la kumkaribisha Daktari. Karatasi haikuonja hata tone.

Saa nne wakakusanyika. Palipotakiwa vimistari vitatu vyembamba, kimoja kwa kila mgonjwa, karatasi ilikuwa nyeusi tii pembe hadi pembe, utadhani sufuria ya mama mandazi wa Kibuye. Lakini mdomo wa Obonyo haujui kuzima. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo nguvu ya mbinu yake: malaria imeonekana hata ile iliyojificha!

Daktari akauliza sampuli ya nne, nayo nyeusi vilevile, ilitoka kwa mgonjwa gani.

"Hiyo ni maji, Daktari. Maji matupu."

"Pole yake. Tuyalaze wodini?"

Kisha akanywa chai, akaisifu sana, akaongeza kikombe.

Jumatatu Lorine akakabidhiwa funguo. Siku hizi kila asubuhi mtu wa haraka wa Kisumu hukoroga maziwa, akaketi saa nzima, mikono mapajani, akiitazama karatasi ikioga. Chai ya saa nne anakunywa ya rangi. Msimamizi amesema maziwa ni ya kazi.