Uzito wa Mama Mkwe na Matairi Sita

Jumatatu, 6 Julai

Matairi yamekataliwa. Yote sita! Fundi wa matairi amelizunguka mara moja tu gari letu la safari, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, akasema hayafai hata kwenda sokoni. Nikamwonyesha meno ya matairi. Marefu, mazuri, kucha nzima inazama. Akasema yeye hatazami meno, anatazama umri. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yana miaka tisa. Gari likiegeshwa sana, anasema, mpira unaoza umesimama. Kisha akachomeka ncha ya bisibisi kwenye nyufa nilizozipaka dawa ya viatu jana.

Safari ni Jumamosi. Mke wangu amestaafu ualimu baada ya miaka thelathini na miwili ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, na ameomba jambo moja tu: tumpeleke mama yake akalione tena ziwa alikozaliwa. Nimeahidi. Kibaya zaidi, nimeahidi mbele ya Shemeji, kaka yake, ambaye naye ana gari kama hili. Lake ni refu kuliko letu kwa hatua mbili (nimelipima kwa miguu alipokuwa msalani). Naye anaondoka Jumamosi hiyohiyo. Amesema letu lisipokuwa tayari, mama atapanda lake, hakuna shida. Alisema kwa upole. Upole wa Shemeji ndio unaoniua.

Jumanne, 7 Julai

Kuna aina mbili za matairi yanayoingia kwenye rimu zetu. Ya kwanza yapo dukani, yana maandishi meupe ubavuni, kama ya Shemeji. Mazuri hayo! Ya pili ni meusi tii, yanabeba uzito mkubwa zaidi, na hayapo. Kuyaagiza ni siku kumi.

Nikamwambia fundi afunge yenye meupe. Akasema yeye hauzi kwa macho, anauza kwa mizani. Niende kwenye mizani ya magari, nikiwa nimepakia kama siku ya safari: maji, gesi, vyombo, watu. Kila gurudumu lipimwe peke yake, nimletee karatasi. Karatasi ikisema gari ni jepesi, nipewe yenye meupe. Ikisema zito, nisubiri. Akaongeza kwamba kwenye ule mteremko mrefu wa kushukia ziwani, tairi lililozidiwa mzigo hupasuka bila kuaga.

Sikumsikiliza mpaka mwisho. Nilishaelewa la maana. Anayesema ni karatasi. Basi karatasi ifundishwe cha kusema.

Jumatano, 8 Julai

Ushindi! Nimeipiga chenga mizani.

Nilitaka kwenda peke yangu, lakini mama mkwe akasema amechoka kukaa ndani, akapanda na mkoba wake. Mkwe ni mkwe, humkatalii. Hatua mia moja kabla ya mizani nikasimama. Nikafungua bomba la tangi, maji yote yakaenda mtaroni. Nikashusha mtungi wa gesi, magodoro mawili, viti vinne, jeki, masufuria yote. Akabaki mama mkwe.

Hapo jasho likanitoka. Mama aliyemzaa mkeo humwambii ashuke kwa sababu ni mzito. Nikamwambia nje kuna kaupepo kazuri. Akanitazama. Akashuka. Nikamwacha ameketi kando ya barabara, mtungi wa gesi kulia, magodoro kushoto, sufuria mapajani, kama mpangaji aliyefukuzwa na mwenye nyumba.

Karani wa mizani, mama mmoja wa miwani minene, aliuliza kama kweli kila kitu kimo. Nikasema kimo. Akachungulia dirishani, akauliza yule mama pale nje ni nani. Nikasema simjui.

Karatasi imetoka. Jepesi! Akili ni mali. Mama mkwe hakutamka neno njia nzima ya kurudi. Nadhani alisinzia. Mimi nilipofika nilijitupa kitandani, nikalala usingizi wa mshindi mpaka jua linazama.

Alhamisi, 9 Julai

Fundi aliipokea karatasi bila kubisha, akaisoma, akaikunja, akasema nilete gari kesho. Rahisi namna hii! Nimempigia Shemeji kumjulisha kwamba mama tunaye sisi. Amesema hongera, Shemeji, endesha polepole. Nimekata simu nikiwa na hasira.

Ijumaa, 10 Julai

Matairi yamefungwa, lakini maandishi meupe siyaoni. Nikaja juu. Fundi akasema kwa magari kama haya maandishi huelekezwa ndani. Ndani! Nani atayasoma, mijusi? Akashika jeki yake, mazungumzo yakaisha.

Sikushindwa. Nimenunua kopo dogo la rangi nyeupe, na kutwa nzima nimepiga magoti nikiyapaka maandishi yaliyoinuka ubavuni, herufi kwa herufi, namba kwa namba, magurudumu yote ya nje. Yanang'aa kuliko ya Shemeji. Mgongo umekufa.

Jioni furaha ikaingia mdudu. Mke wangu alipakia katoni tatu za vitabu. Mama yake akaleta cherehani. Ya chuma, na miguu yake! Anasema atashona akilitazama ziwa. Nikauliza kama ni lazima. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya darasani kwani kuna tatizo gani, si gari limepimwa? Nikasema hakuna tatizo. Kisha wakaleta viazi, gunia zima. Kila walipoweka kitu walinitazama usoni. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekufa na kufufuka.

Tuliondoka asubuhi. Nilishika usukani kama mtu aliyeshika mkia wa chui. Kila shimo, nilisikia tairi likipasuka, nalo halijapasuka. Niliwasihi wanywe maji mengi ili tangi lipungue. Wakakataa. Niliuliza kama viazi haviwezi kugawiwa maskini. Wakageukia madirisha.

Saa sita tukafika juu ya mteremko. Bonde lote liko chini, barabara inajinyonganyonga, na huko mwisho ziwa linametameta. Mama mkwe aliliona, akashika kifua, akasema kumbe bado lipo. Nikamwona kwenye kioo anafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikaegesha gari. Nikasema labda mama angeshuka kwa miguu, nje kuna kaupepo kazuri.

Mama mkwe akasema, "Kaupepo kako nimeshakaonja, mwanangu. Sema ukweli."

Nikasema. Yote! Maji mtaroni, magodoro, karani, na kwamba nilimkana mbele ya mizani. Nikasema matairi hayawezi kutubeba na nitawaua. Nililia, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mke wangu hakugombana. Akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akanipeleka kwenye gurudumu la nyuma, akaniambia nisome nilichokipaka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasoma. Kilo elfu mbili na sitini kwa kila tairi! Yale ya dukani yanabeba elfu moja na mia sita tu. Ni yale meusi, mazito! Nimeyapaka kutwa nzima bila kuyasoma.

Kumbe mama mkwe alimwambia bintiye siku ileile. Nilipokuwa nimelala usingizi wa mshindi, walipakia kila kitu, wakarudi mizani, mama akiwa kitini ndani, wakapata karatasi ya kweli, wakampelekea fundi. Naye akayapata matairi kwa mwenzake mji wa jirani. Mama mkwe akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilikuwa na viazi.

Nilikaa chini kwenye changarawe. Sijawahi kufurahi hivi kwa kudanganywa. Walikuwa hai wote wawili, na walikuwa wananicheka, na nilitaka wanicheke hata wiki nzima.

Tulishuka taratibu, bila hata kupepesuka. Mama mkwe ameingiza miguu ziwani mpaka magotini, amekataa kutoka mpaka mke wangu naye alipovua viatu. Shemeji alifika kabla yetu, akatushikia nafasi nzuri yenye kivuli. Nimemshukuru. Kweli nimemshukuru.

Jumapili, 12 Julai

Nimeapa mbele ya wote: ujanja basi.

Leo tunakwenda ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa dada yake mama mkwe. Shemeji amepita barabara kuu, safari ya saa nne. Mimi nimegundua njia ya mkato, dakika arobaini tu! Inapita chini ya daraja la reli. Tumesimama hapa darajani, mke wangu na mama yake wamekwenda kuchuma maua. Kibao kinaonyesha kimo cha mwisho cha gari. Letu limezidi, lakini kwa vidole vinne tu, na matairi yetu mapya yana upepo mwingi mno. Nimeshaanza na la mbele.