Kidole cha Dhahabu cha Jirani Ploner

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwaka wa kumi na saba! Kila mwaka chama cha wenye maduka wa mtaa wetu wa Getreidegasse huchagua kibao kimoja cha chuma, katika vile vinavyoning'inia juu ya milango ya maduka, kikapigwe picha ya bango la mtaa. Kila mwaka ni ile glavu ya Ploner, jirani muuza glavu wa ng'ambo ya mtaa. Imepakwa dhahabu, kidole kimeelekezwa mlangoni kwake. Kibao changu mimi muuza miavuli, mwavuli wa chuma alioufua babu kwa mikono yake, hata mara moja! Leo mgeni kautazama weee, kisha akaniuliza kama hapa ndipo wanapouza popo. Ploner kasikia. Kacheka mpaka akashika ukuta. Mpiga picha anakuja wiki hii. Nimeapa, safari hii ni mimi.

Jumanne, 7 Oktoba

Akili ninayo! Alfajiri nimepanda ngazi mpaka kwenye glavu. Bawaba ilikuwa na kutu ya tangu enzi za wafalme. Nikaimwagia mafuta ya cherehani, chupa nzima, nikageuza. Sasa kidole cha Ploner kinaonyesha mlango wangu: Thalhammer, Miavuli! Kufika saa nne wameingia watu kumi na mmoja. Wote walitaka glavu. Wanne wametoka na miavuli. Mke wangu Walburga kauliza mbona suruali inanuka mafuta. Nimemwambia ni manukato mapya. Kafungua madirisha yote.

Jumatano, 8 Oktoba

Msiba. Mafuta yamezidi. Glavu inazunguka kama pia. Asubuhi upepo wa mashariki, jua, kidole kwa Ploner. Saa nane upepo wa magharibi, kidole kwangu, na baada ya dakika kumi ikaanguka mvua yetu ile isiyojua kukoma. Bibi Krispler, muuza kufuli, akapiga kelele mtaa mzima kwamba jamani, glavu inatabiri mvua!

Nani kasema msiba? Watu wamejaa, shingo juu. Kidole kikija kwangu, wote mbio dukani. Nimeuza hata ule mwavuli wa njano uliokaa dirishani tangu nilipooa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ploner hana haya! Kasimama katikati ya mtaa anawaambia wageni eti babu yake ndiye aliyebuni glavu ya kutabiri mvua. Babu yake! Na mafuta ni yangu! Na siwezi kusema. Nimekwenda kumwomba, kwa upole, asisahau majirani akishakuwa maarufu. Kanipigapiga begani, kaniambia nisikonde bwana wee, mwakani huenda wakachagua popo.

Basi. Kesho nakifunga kidole kwa waya. Kitazame kwangu, jua liwake, mvua inyeshe. Walburga kasema nikipanda tena ataificha ngazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepanda alfajiri, mtaa mtupu. Kumbe si mtupu. Upepo ukavuma, glavu ikageuka, kidole kikanasa mkanda wangu wa suruali, ngazi ikaenda chini kwa kishindo. Nikaning'inia. Nikazunguka. Mara mashariki, mara magharibi. Chini yupo mpiga picha wa chama, kawahi kabla ya wageni, anabofya tu. Nikamwomba msaada. Akanisihi nisitikisike.

Aliyeniteremsha ni Ploner, na ngazi yake, na nguo za kulalia. Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Alianza kucheka baadaye, akaendelea mpaka saa sita mchana.

Jumatano, 22 Oktoba

USHINDI! Bango limetoka, lipo kila kituo cha basi. Katikati kabisa, matako yangu. Pembeni yake, mzima mzima, mwavuli wa babu! Na glavu? Haionekani hata ukucha. Nimeifunika yote! Miaka kumi na saba, na leo nimemfuta kwenye bango kwa mwili wangu mwenyewe. Ploner kasema sasa mji mzima unayajua matako yangu. Wivu huo! Walburga nimemkuta jikoni, bango mbele yake, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka. Fahari, maskini.

Jioni nimekichunguza kibao cha Bibi Krispler, ule ufunguo wa chuma ulioning'inia juu ya mlango wake. Una ncha. Bawaba yake ina kutu. Nimenunua chupa mbili za mafuta. Walburga ameficha ngazi, lakini si neno. Ploner ataniazima yake. Hata hakuuliza ya nini.